Je, Masomo ya Gerezani Humzuia Mfungwa Kurudi Ndani?

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Mdogo wangu anatumikia kifungo hapa Kenya na anajiandaa kufanya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, akiwa gerezani. Jirani yetu anasema utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba wafungwa wanaosoma hupunguza uwezekano wa kurudi ndani kwa asilimia 43. Mama anauliza kama hesabu hiyo ni ya kutegemewa.
Msomaji, Thika

JIBU: Hesabu ipo, ila husomwa vibaya. Ilitolewa mwaka 2013 na shirika la utafiti la RAND, lililojumlisha tafiti za Marekani za tangu 1980. Asilimia 43 ni kiasi ambacho uwiano wa kitakwimu kati ya wanaorudi na wasiorudi ulipungua, si idadi ya watu waliookolewa. Ukihesabu vichwa, kati ya wafungwa 100 wasiosoma, takriban 43 walikuwa wamerudi gerezani ndani ya miaka mitatu, na kati ya 100 waliosoma, takriban 30. Watu 13 si wachache machoni pangu, hasa kwa kuwa watafiti hao walikadiria pia kwamba kila dola iliyotumika kuwafundisha iliokoa dola 4 hadi 5 za kuwafunga tena.

Lililo gumu ni kujua nani anayejiandikisha. Mfungwa anayeomba daftari bila kushurutishwa huenda alikwisha kuamua kubadilika kabla ya somo la kwanza, kwa hiyo si rahisi kutenganisha kazi ya mwalimu na nia ya mwanafunzi. RAND walilitambua hilo, wakazipa uzito zaidi tafiti zilizolinganisha wafungwa wa hali zinazokaribiana. Hata hivyo, hiyo ni Marekani, na mama asiichukue kama ahadi juu ya mwanawe.

Mimi ningeangalia zaidi siku atakayotoka. Waajiri wengi wa Kenya hudai cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi wa jinai, DCI, ambacho hutolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole, na alama nzuri za KCSE hazifuti kumbukumbu ya hukumu. Fundi anayejiajiri haombwi karatasi hiyo na mteja anayetaka kitanda. Mtakapokwenda kumtembelea, mwulizeni kama anaweza kuingia karakana ya useremala au ushonaji pamoja na masomo yake, na kama gereza litamwezesha kufanya mtihani wa ufundi wa serikali kabla hajamaliza kifungo.