Mtoto Ana Sindromu ya Down? Anzeni na Moyo

Mzazi mwenzangu, ukishaambiwa mtoto wako ana sindromu ya Down, maneno yatakuwa mengi. Wifi atakwambia kwao hakuna watoto wa hivyo, jirani atakuelekeza kwa mganga. Mimi ni mama wa binti mwenye hali hiyo, na nakusihi jambo moja kabla ya yote: mtoto afanyiwe kipimo cha eko ya moyo, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, mapema.

Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo, mara nyingi tundu kwenye ukuta wa ndani ya moyo, na daktari anaweza asisikie chochote kifuani wiki za mwanzo. Binti yangu alikuwa akinyonya kidogo tu anaachia titi, jasho limemjaa kwenye paji la uso, kisha analala. Ndugu wakamsifu kwa upole. Eko ikaonyesha tundu. Tundu kubwa lisipozibwa, damu huingia kwenye mapafu kwa nguvu na kuharibu mishipa yake, na ikifika hapo kulifunga ni hatari. Ndiyo maana matundu makubwa mara nyingi hufanyiwa upasuaji ndani ya miezi sita ya kwanza. Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huwapasua watoto.

Chanzo si laana wala ugomvi wa ndoa. Binadamu ana kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe za mwili, 46, jozi 23. Kwa watoto wetu kromosomu ya 21 zimekuwa tatu, mara nyingi kwa sababu jozi haikuachana yai lilipokuwa likitengenezwa. Uwezekano hupanda umri wa mama unavyosogea, lakini hata sisi tuliozaa tukiwa wasichana tumo. Kwa wachache, watatu au wanne katika kila 100, kromosomu ya 21 imejishikiza kwenye nyingine, na hiyo inaweza kurithiwa. Kwa hiyo ulizia kipimo cha kromosomu kabla ya mimba nyingine.

Misuli yao ni milegevu, basi mazoezi yaanze mapema. Nilikuwa namlaza kifudifudi juu ya khanga, natikisa kopo la mchele mbele yake mpaka ainue kichwa. Masikio na macho yapimwe pia. Na tezi ya shingo (thairoidi) ipimwe kwa damu kila mwaka, hata akionekana mzima, maana uchovu, choo kigumu na kudumaa watu huvisingizia sindromu, kumbe ni tezi, na dawa yake ipo.