Ameshaanza kuruka kitanda cha fito, sasa alale wapi?

Mwezi huu nafasi yote ya maswali ya wazazi nimeipa usingizi, maana barua za watoto wanaoruka vitanda zimekuwa nyingi kuliko hata zile za watoto wanaokataa uji. Ya Mama Junior imebeba mambo mengi, kwahiyo naanza nayo na nitakaa nayo.

SWALI: Habari dada, hongera kwa kazi. Nina mtoto wa kiume ana miaka 2 na miezi miwili na nina mimba ya miezi 6, tunaishi Tabata. Mwanangu analala chumbani kwetu kwenye kitanda cha fito tulichonunua mtumba, kile cha ubavu mmoja kushuka na kupanda. Juzi usiku nashtuka namkuta kashapandisha mguu juu ya ukingo anataka kuruka, nusura nizimie. Baba yake anasema ahamie kitanda kikubwa chumba cha pili anakolala dada wa kazi, afu kile kidogo tukitunze kwa ajili ya mdogo wake. Mama mkwe hataki kabisa, anasema mtoto bado mdogo alale na sisi katikati. Mimi nipo hapo katikati yao sijui nishike la nani. *Mama Junior, Tabata*

JIBU: Mama Junior, pole na hongera pia kwa mimba. Nianze na la haraka. Mtoto akishapandisha mguu juu ya ukingo, hadithi ya bado mdogo imeisha, kwasababu kudondoka kutoka juu kule, kichwa kikitangulia na chini marumaru, ni hatari kuliko kubiringika kutoka kitanda kifupi. Leo leo kaangalie chaga za hicho kitanda zipo kwenye tundu la chini kabisa au bado zipo pale mlipoziweka akiwa na miezi minne, maana watu wengi wanasahau kuzishusha. Shusha, toa mito, toa midoli mikubwa na yale masponji ya pembeni, vyote hivyo anavigeuza ngazi. Kama zilikuwa chini tayari na bado anapanda basi muda wake humo umekwisha, usisubiri aanguke ndo uamini.

Umri wenyewe hauna tarehe. Wengi wanahama kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka 3 na nusu, na mtoto ambaye hapandi mimi huwa nasema mwacheni humohumo mpaka akaribie 3, haraka ya nini, kwasababu huyu wa miaka 2 ukimwambia usishuke mpaka asubuhi anakuitikia vizuuri kabisa na dakika ileile yupo sebuleni anatafuta rimoti. Madaktari wa watoto wa Marekani wana kipimo cha urefu, akifika sentimita 89 hivi, au ukingo ukiwa hauzidi tena robo tatu ya urefu wake akisimama humo ndani, basi kimeshamshinda. Msimamishe ukutani umpime na futi ya fundi cherehani.

Kuhusu mimba, miezi 6 ni wakati mzuri sana usiuache upite. Mhamishe sasa, ili ukijifungua awe na kama miezi miwili au zaidi ya kuzoea na hicho cha zamani ameshakisahau. Kinachoharibu nyumba ni kumhamisha wiki ileile mgeni anaingia, hapo anaona kabisa kanyang'anywa kapewa mwenzie na mtakesha wote. Akishahama kifungueni muweke uvunguni, asikione kimesimama. Na habari za poti, kuacha chuchu bandia, kuanza shule, visiingie humo kwa sasa.

Ila mama, hicho kitanda cha ubavu wa kushuka mimi nisingemlaza kichanga. Marekani walipiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza tangu Juni 2011 kwasababu vyuma vinalegea, ubavu unaachia upande mmoja, unatokea mwanya, mtoto anateleza anabanwa pale na hawezi kujitoa. Mtumba hauandikwi mwaka na kitu kinaonekana kizima kabisa. Kwa huyo anayekuja tafuteni cha kuta nne zisizotembea, nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, na godoro likae limebana, ukiweza kupitisha vidole viwili kati ya godoro na ubavu ujue hilo godoro ni dogo.

Mama mkwe usimbishie, msikilize, wao wamelea watoto wengi kitanda kimoja na anachokiona yeye ni mjukuu anafukuzwa chumbani. Lakini katikati hapana. Saivi tumbo lako linapigwa mateke, na mdogo wake akija, kichanga na mtoto wa miaka 2 anayelala kama mshale wa saa wasilale kitanda kimoja, mkubwa anaweza kumlalia mdogo bila kujua. Mimi ningempa bibi kazi. Yeye ndo achague shuka, yeye ndo akae pembeni amsimulie mjukuu hadithi ya sungura siku ile ya kwanza, utashangaa atakavyokuwa mtetezi wa kitanda kipya.

Na dada wa kazi, hapa nitasema ukweli hata kama watakasirika baadhi. Kulala chumba kimoja naye siyo tatizo, kila mtu na kitanda chake, lakini mmemuuliza? Yule binti ameamka alfajiri, amefua, amepika, amebeba huyohuyo mtoto kutwa, sasa usiku tena akimbizane naye. Wiki za mwanzo anayeamka kumrudisha mtoto ni wewe au baba yake, na kwa mimba hiyo nasema baba yake, si ndo aliyetoa wazo.

Kitanda chenyewe nendeni Keko mkachonge cha futi 3 kwa 6 kama nafasi ipo, achana na vile vya umbo la gari, miaka miwili miguu imeshatoka nje, wakati cha futi 3 kwa 6 kitamlaza mpaka sekondari. Mwambie fundi miguu iwe mifupi, kona azipige msasa ziwe duara, ubavu wa nje aweke ubao wa kuzuia ulioacha sehemu ya mtoto kushukia upande wa miguuni, kwasababu akikuta pamezibwa pote ataruka tu. Ubao ubane na godoro usiache upenyo wa kuingiza kichwa au mwili. Vile vizuizi vya kuchomeka vinavyouzwa madukani ni vya watoto kuanzia miaka 2, chini ya hapo msiweke. Kikija kimetoka kupigwa vanishi kikae barazani kwanza harufu iishe. Mkinunua kilichotumika, kigeuzeni mkague kila tundu la skrubu na kila kiungo mkiwa na tochi, kunguni wanakaa humo na wakishaingia ndani kuwatoa ni shughuli ya mwaka.

Sasa linalonisumbua zaidi kuliko kitanda. Mtoto aliyekuwa amefungiwa na fito kuanzia sasa anatembea nyumba nzima usiku nyie mmelala. Na nyumba zetu za Dar maji ya Dawasa yanakuja na kukatika, kwahiyo bafuni kuna ndoo, kuna diaba, kuna pipa, vyote vimejaa. Mtoto wa miaka 2 akiinamia ndoo kuchezea maji kichwa kinamzidi uzito, anatumbukia na hawezi kujiinua, na maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kumuua, tena kimyakimya. Kabla ya usiku wa kwanza bafu liwe na komeo juu kwa nje, vyombo vya maji viwe na mifuniko inayobana. Jikoni vilevile, na mlango wa mbele funguo isibaki kwenye kitasa.

Chumbani kwake ingia upige magoti uwe kimo chake uangalie. Kabati na droo zifungwe ukutani kwa skrubu maana atazipanda. Kitanda kisikae chini ya dirisha, hata kama lina nondo, na nyie wa ghorofani msio na nondo ndo kabisa. Feni ya kusimama isogezwe mbali na waya wake upite nyuma ya kitu. Weka kataa kadogo ka usiku ka kuchaji, siyo cha kuchomeka tu, umeme ukikatika saa nane giza lile litamleta mbio chumbani kwenu.

Neti ndo wengi wanaisahau. Ile ndogo haitatosha, chukua ya pembe nne yenye dawa, ipanuke kuzidi kitanda ili mkono wa mtoto usigusane nayo, mbu anang'ata kupitia kwenye tundu. Ichomeke chini ya godoro pande zote isipokuwa pale pa kushukia, pale iache ndefu ifike chini na umfundishe kuifunua na kuishusha, geuza mchezo mcheze mchana. Akilala mchana pia ishushwe, mbu wa malaria ni wa usiku lakini wa dengi anang'ata mchana, na dengi Dar tuliiona 2014 na 2019.

Usiku wenyewe usibadilishe kitu kingine. Kama ni kuoga, kula, hadithi, dua, taa, iwe vilevile na saa ileile, shuka lake la zamani liende naye hata kama halitoshi kitanda. Siku kadhaa za mwanzo alale hapo usingizi wa mchana kwanza. Akitoka usiku, na atatoka, mshike mkono mrudishe, sema maneno matatu tu, "muda wa kulala", basi. Usigombe, usicheke, usimpe maji ya juisi, usiwashe tivii, maana akipata chochote kizuri huko nje kesho atarudi kukifuata. Wengine wanatulia siku mbili wengine wiki tatu. Kulala kwake kwa jumla, na mchana ukiwemo, mtoto wa mwaka 1 mpaka 2 anahitaji masaa 11 hadi 14, wa miaka 3 mpaka 5 masaa 10 hadi 13, kwahiyo kama mchana kalala mpaka saa kumi na moja jioni usimlazimishe saa mbili usiku, hana usingizi huyo.

Akianguka akalia kidogo akanyamaza akacheza, mwangalie tu. Akipoteza fahamu hata kidogo, akatapika zaidi ya mara moja, akapata degedege, akasinzia isivyo kawaida haamshiki, au damu au majimaji yakitoka puani au sikioni, ni hospitali muda huohuo, usisubiri kukuche.

SWALI: Dada habari za kazi. Nina watoto wawili, wa miaka 7 na wa miaka 3, chumba chao kidogo. Nataka niwachongeshee dabo deka mmoja alale juu mmoja chini, nimeshaongea na fundi. Mdogo ndo anang'ang'ania juu, analia kabisa. Nimpe? *Baba Wawili, Kigamboni*

JIBU: Usimpe kaka, alie tu. Juu ni kuanzia miaka 6, kwahiyo yule wa miaka 7 ndo mwenye juu na ngazi iwe ya kutoa, iondolewe wakati mkubwa hayupo juu ili mdogo asipande. Kizuizi cha juu kiende pande zote mbili, hata upande wa ukutani, na kizidi godoro kwa inchi 5 au zaidi, kwahiyo usimpelekee fundi vipimo kabla hujajua unene wa godoro, ukinunua baadae la inchi 8 limemeza kizuizi chote. Na nakuomba uangalie dari. Kama kuna panga boi chumba hicho, dabo deka usiweke, mtoto akisimama juu kule au akinyoosha mkono lile linamkata. Ama litolewe mfunge feni ya ukutani mbali na kitanda, ama ubaki na vitanda viwili vya kawaida. Kuna cha kuvuta pia, kinaingia uvunguni mwa mwenzake mchana, mafundi wanakijua, na kwa chumba kidogo na mtoto wa miaka 3 ningechonga hicho.

SWALI: Sisi tuna chumba kimoja Manzese, mtoto ana miaka 2 na nusu tunalala naye. Kitanda cha pili hakiingii. Nikimwekea godoro chini pembeni ya chetu ni vibaya? *Mama Nai*

JIBU: Siyo vibaya hata kidogo, chini hakuna pa kuangukia. Shida ya chini ni unyevu, hasa masika, jasho na sakafu ya saruji vinaozesha godoro kwa chini mpaka linaota ukungu, kwahiyo weka jamvi au vipande vya mbao chini yake na kila asubuhi lisimamishe ukutani lipate hewa, Jumapili likipata jua ndo vizuri. Godoro lenyewe liwe gumu kiasi, inchi 4 zinamtosha, na livishe nailoni chini ya shuka kwa ajili ya mkojo. Neti yake ining'inizwe kamba tofauti na yenu na ichomekwe chini ya godoro kuzunguka, chini kuna mende na siafu siyo mbu peke yake. Liwe upande wa ukuta, mbali na mlango na mbali na jiko, na kama mtungi wa gesi upo humohumo ndani funga valvu kabla ya kulala.