Samaki wa dhahabu kwenye tangi la mimea

Ndugu, umeuliza kama samaki wawili wa dhahabu na konokono watafaa kwenye tangi lako la lita 60 lenye mimea. Hao samaki waache kabisa: wanakua wakubwa, wanachafua maji, na majani laini watayatafuna. Chukua neoni tetra, samaki wadogo wa rangi, wanane hivi. Wakiwa wachache huwa na woga.

Ila tanguliza mimea. Anubiasi ifunge kwa uzi juu ya gogo. Lile shina nene linalotambaa ukilifukia mchangani linaoza, na inauma kuona mmea mzima ukilegea. Samaki wasubiri mpaka bakteria wanaosafisha maji wajijenge, vipimo vya amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu, visome sifuri.

Konokono, chagua neriti. Vidoa vyeupe utakavyoviona kwenye kioo ni mayai yake. Hayatatotoka kwenye maji yasiyo na chumvi.