Je, adhana ipangiwe sauti nne?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafundisha kwaya. Tumeombwa wimbo wa hafla ya amani itakayowakutanisha Wakristo, Waislamu na Wahindu. Nimeanza kutunga: soprano wanaimba "Aleluya", waimbaji wa tena (sauti ya juu ya wanaume) wanaimba maneno ya adhana, besi wanashikilia "Om", alto wanajaza katikati, wote kwa pamoja katika C meja. Kiitikio ni cha Kiswahili. Wanakwaya wamefurahi sana, ila rafiki yangu Mwislamu alisikiliza mazoezi akanyamaza kimya. Niendelee?

JIBU: Marahaba. Usiendelee kabla hujamrudia huyo aliyenyamaza. Mimi nitakusaidia kwenye nota. Yeye ndiye wa kukuambia kipi si cha kuchezewa. Kwa Waislamu wengi adhana na usomaji wa Kurani havihesabiwi kuwa muziki, hata sauti iwe tamu namna gani. Ni ibada. Ukimpa mwimbaji wa tena aiimbe huku soprano wanashangilia juu yake, umeifanya pambo.

Karl Jenkins, mtunzi kutoka Wales, alikutana na jambo hilihili katika The Armed Man, misa yake ya amani iliyoimbwa mara ya kwanza mwaka 2000. Adhana aliipa sehemu yake peke yake: mwadhini mmoja, hakuna ala, kwaya imenyamaza. Hata hivyo wapo wasioridhia isikike jukwaani kabisa, nami siwalaumu. Ningekuwa wewe ningeiacha, nikaomba kaswida. Hiyo imetungwa iimbwe.

Sasa muziki wenyewe. C meja yako itakuangusha. Maqam, yaani ngazi za lahani za Kiarabu, kama rast na bayati, zina nota zinazokaa katikati ya vituo viwili vya kinanda. Ukizipangia sauti nne, alto na tena watazivuta juu au chini ili zipatane na kinanda, na msikilizaji aliyelelewa na lahani hiyo atasikia mtu anayeimba kando ya wimbo. Kwa hiyo punguza sauti. Msolo atembee na lahani yake, na chini yake ishikwe nota moja ndefu tu, basi. Waimbaji wa kanisa la Kiorthodoksi la Kigiriki wana sauti hiyo ya kushikilia, huiita ison. Muziki wa Kihindi unayo kwenye tanpura, ala ya nyuzi. Hapo ndipo mila zako zinapoweza kukaa pamoja bila yeyote kubanwa, na bila kujua umeshapaanza: besi wako ndio sehemu niliyoipenda kuliko zote! Ila wavumishe midomo ikiwa imefumbwa. "Om" nayo ni tamko takatifu, iombee ruhusa kwa Wahindu wenyewe kama unavyoombea kaswida.

Jambo jingine: kwa nini wote waimbe kwa wakati mmoja? Ariel Ramírez wa Argentina alipotunga Misa Criolla mwaka 1964, kila sehemu aliipa mdundo wake wa kienyeji. Kyrie ina vidala-baguala, Gloria ina carnavalito, Credo ina chacarera trunca. Hakuzirundika. Zinafuatana, na mdundo mmoja unapopisha mwingine unasikia tofauti, ukaipenda. Kwako kaswida itangulie na msolo wake, "Aleluya" ije na sauti nne kamili (huko ndiko kwake, hapo jimwage), kisha wimbo wa Kihindu uongozwe na anayeujua. Besi wasikate uvumi wao kati ya sehemu na sehemu. Kama ni lazima wote wakutane, wakutane kwenye kiitikio, ambacho si cha dini ya mtu.

Kiitikio hicho nacho kina kasoro ndogo. Mpigo mzito umeuangusha kwenye silabi ya kwanza ya "amani", ndiyo maana kinasikika kama tafsiri. Anza "a" kabla ya mpigo, "ma" iangukie juu yake na uirefushe.