Chujio la maji kwa mabaki ya ujenzi

Ndugu, umeuliza kama mchanga, kokoto na saruji vilivyobaki baada ya kujenga vinaweza kukupa chujio la maji ya kisima. Vinaweza. Chujio la zege la namna hiyo lilibuniwa na David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada.

Mchanga ndio kila kitu. Tafuta wa mawe yaliyosagwa, usichukue wa ufukweni. Chekecha upate chembe zisizozidi milimita 0.7, kisha osha. Hapa wengi huharibu kwa bidii: wanaosha mpaka maji yang'ae, chembe laini zote zimekwenda, na chujio linapitisha maji mbio. Tia mchanga na maji kwenye chupa ya kioo, tikisa, subiri sekunde chache. Maji yakibaki na ukungu kidogo huku uso wa mchanga unaonekana, inatosha.

Mdomo wa bomba la kutolea uwe juu ya mchanga sentimita 5, na usiweke koki. Hivyo maji hubaki juu ya mchanga na kuhifadhi utando wa vijidudu wanaokula vimelea, nao huchukua hadi siku 30 kukomaa. Klorini tia baada ya kuchuja. Ukitia kabla, unaua utando.

Kama kisima kiko upande wa Arusha au Meru, pima kwanza floraidi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa. Mchanga hauiondoi, hapo utahitaji mkaa wa mifupa.