Sudan wanagombania nini?

SWALI: Kaka mhariri asalaam aleykum. Mie msomaji wako wa Wete, Pemba. Kila nikifungulia redio ni Sudan tu, na wote Waislamu wenzetu, hivi wanagombania nini khasa?

JIBU: Waaleykum salaam dada yangu. Dini haimo hapo. Jenerali Burhan wa jeshi na Hemedti wa RSF, yaani kikosi cha wanamgambo, walikuwa kitu kimoja, wakamng'oa rais Bashir 2019, wakapindua tena serikali 2021, halafu ikaja ishu ya RSF kuingizwa jeshini na nani awe chini ya nani, ndo tarehe 15 Aprili 2023 wakaanza kupigana mji mkuu Khartoum katikati ya watu, tena Ramadhani! Dhahabu inawasaidia kulipia silaha ndo mana vita haviishi, mwenye mgodi hana haraka ya suluhu. Na vita vya siku hizi viko mitaani, droni zinapiga mpaka sokoni na hospitali. Waliokimbia makwao wamepita milioni 10, na sie Unguja na Pemba nzima sensa ya 2022 hatukufika milioni 2! 2024 baa la njaa likathibitishwa Zamzam, kambi ya waliokimbia makwao kule Darfur, magharibi ya Sudan, watoto wanakufa kwa kukosa uji tu dada yangu, hilo linaniuma kuliko risasi.