Biskuti zisizo na yai wala maziwa: Kisumu ilivyonifundisha upya

Nilihamia Kisumu kutoka Nakuru nikiwa na daftari moja la mapishi na kiburi cha kutosha. Kule Nakuru biskuti zangu za njugu, zabibu kavu na chokoleti zilikuwa zikitoka nene, zimepasuka kidogo juu, katikati laini. Wiki ya kwanza hapa Manyatta nikapima vitu vile vile, kwa mizani ile ile, nikaviweka kwenye oveni ile ile niliyoibeba kwenye lori. Baada ya dakika kumi nikafungua mlango, nikakuta trei nzima imekuwa biskuti moja, nyembamba kama chapati ya maji, chokoleti imechuruzika pembeni. Jirani yangu, mama wa makamo anayeuza omena, akaonja kipande. "Ni tamu, mwanangu," akasema, "lakini umesema hii ni nini?"

Nawaandikia nyinyi mnaoanza, hasa mliopata maelezo yenu kwenye intaneti. Maelezo mengi ya huko yameandikwa na mtu aliye kwenye jikoni la baridi. Akisema "mafuta ya nazi kikombe nusu," yeye anaona kitu kigumu anachokichota kwa kijiko. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai ilinibidi niyachokoe kwa kisu. Kisumu, ziwani, iko mita 1,130 hivi, na ikifika saa nne asubuhi mafuta yale yale yanamwagika kama maji ya mfereji.

Hapo ndipo biskuti inapokufa. Mafuta yaliyoganda yakiingia kwenye moto huchukua muda kuyeyuka, na ndani ya muda huo unga unaanza kushikana na kusimama. Yakiingia yameshayeyuka, yanakimbia kabla unga haujajipanga. Anayetumia siagi ya ng'ombe ana nafasi ya kukosea, maana siagi huvumilia hadi nyuzi thelathini na kitu. Wewe uliyeacha maziwa huna nafasi hiyo, kwa hiyo jifunze tabia ya mafuta yako kabla ya kujifunza kitu kingine chochote.

Mimi sasa hufanya hivi. Napima mafuta usiku, nayaweka kwenye friji hadi yawe laini lakini yasimwagike, kama mafuta ya kopo ya kupikia siku ya mvua. Nachanganya alfajiri, saa kumi na moja, kabla bati halijaanza kuwaka. Nikishaviringa madonge, yanarudi kwenye friji saa moja nzima, na nikiweza yanalala humo hadi kesho. Yakilala, unga unakunywa maji yote na ladha inakomaa. Kama huna friji, usikate tamaa: nusu ya mafuta ya nazi badilisha kwa mafuta mgando ya mboga, yale ya kukaangia, ambayo hayalegei upesi. Ladha itapungua kidogo, lakini biskuti itasimama.

Vipimo vyangu ni hivi, na nimevibadilisha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Unga wa ngano wa kawaida gramu 250, usiwe ule uliokwisha kutiwa dawa ya kuumulia. Sukari ya kahawia gramu 100 na sukari nguru iliyokwaruzwa gramu 50. Mafuta gramu 110. Bekingi soda nusu kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vanila kidogo. Mbegu za kitani zilizosagwa kijiko kimoja cha meza, zikorogwe na vijiko vitatu vya maji. Tui zito vijiko viwili, pamoja na matone ya ndimu, kwa sababu soda huhitaji kitu chachu ili ifanye kazi. Halafu njugu gramu 80, matunda makavu gramu 60, chokoleti gramu 100. Napata biskuti 22, kila moja gramu 38 kabla ya kuokwa. Pima kwa mizani. Kikombe cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha unga uliochekechwa ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo wengi wanapomlaumu mwandishi wa maelezo.

Kuhusu yai, watu wanasumbuka kupita kiasi. Kwenye keki yai lina kazi kubwa, kwenye biskuti linashika tu na kuongeza unyevu. Mbegu za kitani, zile ndogo za kahawia zinazong'aa, zikikaa dakika kumi kwenye maji huwa na ute kama mlenda, na ute huo unatosha. Chia nayo hufanya hivyo hivyo. Ndizi mbivu watakushauri wengi, na hapa tuko karibu na Kisii, ndizi hazikosekani. Lakini ndizi italeta ladha yake mbele ya kila kitu, na biskuti yako itakuwa na mwili wa keki. Mimi nimeiacha. Sukari nguru, ile inayotoka kwenye viwanda vidogo vya huko Kakamega, ina ladha ambayo sukari ya dukani haina, lakini huvuta unyevu na kuifanya biskuti isambae. Usivuke theluthi moja ya sukari yote.

Sasa njugu, na hapa nitakaa kidogo.

Njugu karanga za magharibi ni nzuri, na ukienda soko la Kibuye Jumapili utazipata za kila aina: nyekundu, za rangi ya waridi, zilizomenywa, zilizokwisha kukaangwa. Mwanzoni nilinunua zilizokaangwa na kuvunjwa tayari ili nijiokolee muda. Zilikuwa na uchungu kidogo nyuma ya ulimi, nikadhani ni kuungua. Fundi mmoja wa kuoka, mzee aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa, alichukua mkono mmoja wa njugu hizo akazitandaza kwenye sinia jeupe. "Tazama, binti yangu," akasema. Nusu zilikuwa zimenyauka, nyingine zina madoa. Mtu anayeuza njugu zilizovunjwa anaweza kukuficha mengi.

Njugu zilizovunwa zikahifadhiwa na unyevu huota ukungu, na aina fulani ya ukungu huo hutoa sumukuvu, ile wengi wanaiita aflatoksini. Haina rangi wala harufu ya kukuonya, na kuikaanga hakuimalizi. Wakenya tunaijua kwa uchungu: mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 kati ya 317 waliougua. Yale yalikuwa mahindi, lakini njugu ni ndugu yake katika jambo hili. Kwa hiyo nunua njugu nzima, mbichi, zenye ganda lao jembamba. Zichambue kwa mkono mchana, penye mwanga. Iliyonyauka, iliyobadilika rangi, iliyoota ukungu, tupa. Usiwape hata kuku. Kisha zikaange mwenyewe kwenye oveni, nyuzi 160, dakika kumi hivi, ukizigeuza mara moja. Ziache zipoe kabisa kabla ya kuzichanganya, la sivyo zitayeyusha mafuta uliyoyahangaikia usiku kucha.

Korosho za Kilifi ni tamu na laini, makadamia ni za fahari, lakini kwa bei zake ziweke kwa oda maalumu. Biskuti ya kila siku ni ya njugu karanga. Na mwambie kila mnunuzi kwamba ina njugu, hata kama hajauliza. Wapo watu ambao njugu moja inawapeleka hospitali.

Matunda makavu nayo yana kiu. Ukiyatia yalivyo, yanafyonza unyevu wa biskuti, na yale yaliyochungulia juu yanaungua na kuwa machungu. Yaloweke dakika kumi na tano kwenye chai ya rangi yenye moto, yachuje, halafu yakaushe kwa kitambaa safi mpaka yasiache unyevu mkononi. Hiyo hatua ya kitambaa ndiyo watu huruka. Tende usiloweke, zikate vipande vidogo kwa kisu ulichokipaka mafuta na uzivingirishe kwenye unga ili zisigandane. Embe kavu ndilo nilipendalo zaidi pamoja na chokoleti, kwa sababu ya ule uchachu wake.

Chokoleti isome kabla ya kuilipia. Iliyoandikwa nyeusi si lazima iwe haina maziwa. Nyingi huwekwa unga wa maziwa. Lakini kuna kosa la upande wa pili pia: nimeona wanafunzi wangu wakirudisha chokoleti nzuri rafuni kwa sababu wameona "siagi ya kakao" kwenye orodha. Siagi hiyo haikupitia kwa ng'ombe, ni mafuta ya mbegu ya mkakao wenyewe. Ikate kwa kisu vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, usiikwaruze. Ukiona imepata utando wa kijivu, usidhani ni ukungu: ni mafuta yake yaliyoyeyuka kwa joto na kuganda tena vibaya. Kwa kuoka haina shida.

Nilisema someni. Mimi sikusoma. Mteja wangu wa kwanza wa kudumu hapa alikuwa dada mmoja asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama, hata asali. Mwezi wa pili mafuta ya nazi yaliniishia, nikatumia majarini, maana nilijua majarini ni ya mimea. Akala. Jioni nikawa naosha kopo lile, nikaona maandishi madogo chini: lina unga wa maziwa. Nilimpigia simu mwenyewe, nikamweleza. Hakunifokea, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Asante kwa kuniambia, dada." Alikaa miezi mitatu bila kuagiza. Tangu siku hiyo kila kopo linaloingia jikoni kwangu ninalisoma upya, hata kama ni lile lile la wiki iliyopita, kwa kuwa viwanda hubadilisha michanganyiko bila kukuaga.

Mtauliza nani ananunua biskuti za namna hii katika mji wa samaki. Wengi kuliko mnavyodhani. Wasabato wako upande huu wa ziwa tangu 1906, walipojenga misheni Gendia karibu na Kendu Bay, na baadhi yao wameacha vyote vya mnyama. Mama mmoja wa Kihindi wa Milimani aliniuliza swali moja tu: "Ina yai?" Nilipomwambia haina, akaagiza za harusi nzima, maziwa yeye hayakumsumbua. Wengine ni wazazi wenye watoto wasiopatana na maziwa, na hao muwe waangalifu nao. Anayeepuka maziwa kwa imani na anayeyaepuka kwa sababu koo la mtoto litafunga si wateja sawa. Kama jikoni kwako unaoka pia keki za siagi, mwambie huyo wa pili ukweli na umwache aamue.

Kuoka kwenyewe ni jambo fupi. Washa oveni dakika kumi na tano kabla, nyuzi 175. Oka biskuti moja peke yake kwanza, ya kupimia. Ikisambaa sana, ongeza kijiko cha unga na urudishe madonge kwenye friji. Ikibaki donge kama mandazi, zile nyingine zibonyeze kwa kiganja. Biskuti moja iliyoharibika ni kifungua kinywa chako, 22 zilizoharibika ni mtaji. Zioke dakika kumi hadi kumi na mbili, uzitoe kingo zikiwa zimeshika na katikati bado zinaonekana mbichi, kisha uziache kwenye trei dakika kumi bila kuzigusa. Hapa ndipo wanaoanza wanaposhindwa kuvumilia: wanazirudisha, zinakauka kama kigae.

Asiye na oveni anaweza kutumia sufuria nzito yenye mchanga mkavu juu ya jiko, mfuniko ukiwa na makaa machache. Nilianza hivyo Nakuru. Oka chache chache, inua sahani kwenye mawe matatu, na uwe tayari kuunguza sehemu ya chini mara kadhaa.

Usafirishaji nilijifunza kwa boda boda. Nilituma boksi Kondele saa saba mchana, likafika limekuwa tope. Chokoleti hulegea kabla hata ya kufikia joto la mwili wa mtu, na boksi jeusi nyuma ya pikipiki Kisumu hupita hapo bila shida. Sasa napeleka kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya jua kushuka. Zikishapoa kabisa ndipo nazifungia kwenye bati lenye mfuniko wa kubana. Zilizookwa siziweki kwenye friji, kwa sababu zikitoka zinatoa jasho na kulegea.

Madonge mabichi ndiyo ya kuhifadhi. Yapange kwenye sinia ndani ya friza hadi yawe magumu, kisha yatie kwenye mfuko na uandike tarehe. Stima ikipotea saa kadhaa, usifungue mlango wa friza kuchungulia. Mteja akipiga simu ghafla, yaoke yakiwa magumu vile vile, bila kuyayeyusha, na uongeze dakika mbili.